Mfumo wa hesabu ukiganda kwenye seva ya pamoja: uutengeneze hapo hapo, uuhamishe, au uachane nao?

Chukulia duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye ofisi kuu Nyakato, jijini Mwanza, na matawi Sengerema, Geita na Nansio. Seva, yaani kompyuta kuu inayowahudumia wote, ni moja, iko Nyakato. Programu ya hesabu imewekwa humo na kila tawi linaingia kwa Remote Desktop: keshia wa Nansio anaona kwenye skrini yake kompyuta iliyo ng'ambo ya ziwa, anaandika ankara, mzigo unatoka. Mwezi ukikaribia kuisha, ankara zinakuwa nyingi, mhasibu anavuta ripoti, na ghafla kila kitu kinatulia. Simu zinaanza kupigwa. Fundi wa kompyuta anasema ni mtandao. Mtu wa mtandao anasema laini iko sawa. Muuza programu anasema toleo lenu limepitwa na wakati. Na mwenye duka ndiye anayetakiwa kuamua pesa iende wapi.

Njia kubwa zilizo mbele yake ni tatu: kuitengeneza seva hapo ilipo, kuihamishia kwenye kompyuta ya kukodi katika kituo cha data, au kuachana na programu hiyo na kuingia kwenye mfumo unaofunguliwa kwa brauza. Ya nne, kila tawi kujitegemea, ina watu wake. Msimamo wangu nautoa mapema: biashara nyingi za Kanda ya Ziwa zinakimbilia njia ya pili au ya tatu kabla ya kujua ni kitu gani hasa kilichoganda, kisha zinahama na tatizo lao mkononi.

Kwanza, kilichoganda ni nini?

Siku skrini ikiganda, usikimbilie kuzima. Angalia saa iliyo pembeni chini ya skrini ya seva, usubiri dakika moja ipite. Saa ikisonga, na ukifungua Notepad humo humo ukaandika na maneno yakatokea, mtandao ni mzima na seva ni nzima. Iliyokwama ni programu yenyewe. Saa ikiwa imesimama na mausi haigusi kitu, tatizo ni la mawasiliano au la seva nzima. Hapo piga simu tawi jingine. Nansio wameganda na Geita wanauza: ni laini ya Nansio. Wote wameganda, hata wa Nyakato waliounganishwa kwa waya: ni seva. Wameganda wanaofungua ankara tu, na anayeangalia salio la stoo anaendelea: ama kuna mtu ameifungua na kuishikilia kumbukumbu ya ankara hiyo, ama ni printa.

Maneno "Not Responding" juu ya dirisha yanatisha watu kuliko yanavyostahili. Windows huyaandika pale dirisha linapopitisha sekunde 5 bila kujibu. Hayasemi kwamba programu imekufa. Ukiiua kwa nguvu wakati bado inaandika kwenye faili la data, unaweza kuliharibu faili, na hapo utakuwa umegeuza usumbufu wa dakika tatu kuwa kazi ya kurudisha bakapu usiku kucha.

Printa naipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Mtu akiingia kwa Remote Desktop, printa ya tawi lake inavutwa na kuingia naye kwenye seva. Programu nyingi za hesabu, kabla hazijaonyesha ankara, huiuliza printa iliyowekwa kuwa chaguo la kwanza ukubwa wa karatasi yake. Printa ikiwa imezimwa, au laini ya tawi ni dhaifu, au draiva yake (programu ndogo inayoiendesha) haipatani na seva, programu inakaa kungoja jibu. Keshia anaona imeganda. Hali hii huonekana sana kwenye zile printa za Epson za kuchapa karatasi zenye kaboni, ambazo maduka ya jumla bado yanazitegemea kwa hati za kupokelea mzigo. Jaribio lake halina gharama: ndani ya seva, weka Microsoft Print to PDF kuwa printa ya kwanza, kisha fungua ankara ile ile. Ikifunguka mara moja, umempata mhalifu, na hakuna sababu ya kununua seva.

Baada ya printa, tazama diski. Seva nyingi nilizozikuta maofisini bado zina diski za kuzunguka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamudu takriban usomaji mia moja wa hapa na pale kwa sekunde. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, inamudu makumi ya maelfu. Programu ya hesabu inaishi kwa kusoma vipande vidogo vidogo hapa na pale, kwa hiyo watu kumi na tano wakiandika ankara huku mhasibu anavuta mizania, diski ya zamani inazidiwa ilhali prosesa iko asilimia kumi tu. Hapo ndipo watu wanadanganyika, wanasema "seva haina mzigo". Kwenye Windows Server, Task Manager mara nyingi haionyeshi diski kabisa, kwa hiyo fungua Resource Monitor uangalie foleni ya diski wakati ule ule wa kuganda.

RAM, nafasi ya kazi ya muda ya seva, nayo huliwa na vitu visivyo vya kazi. Kila anayeingia anafungua Chrome yake humo humo kwenye seva, WhatsApp Web iko wazi, na mwingine anasikiliza muziki YouTube. Kivinjari kifunguliwe kwenye kompyuta ya tawi. Seva iachiwe hesabu. Halafu kuna antivirusi inayokagua folda ya data kila faili linapoguswa, na bakapu iliyopangwa saa nane mchana kwa sababu aliyeiweka alitaka kuiona ikifanya kazi. Folda ya data iondolewe kwenye ukaguzi wa papo kwa papo, na bakapu ipelekwe usiku.

Jambo jingine la kuangaliwa ni laini ikikatika katikati ya kazi. Kwa Remote Desktop, laini ikikatika mtu anatoka lakini kazi yake inabaki wazi kwenye seva, na kumbukumbu aliyokuwa ameifungua inabaki imeshikiliwa. Akirudi kwa jina lake anaikuta pale pale, na huo ni uzuri mkubwa wa mpangilio huu. Lakini makeshia wawili wakitumia jina moja la kuingilia, mmoja anamtoa mwingine, na ankara zinabaki zimefungwa bila mwenyewe kujulikana. Kila mtu awe na jina lake. Kazi zilizoachwa bila mtu zifungwe zenyewe baada ya saa moja au mbili. Ukiweka dakika tano utawapotezea watu ankara zao kila laini inapoyumba.

Remote Desktop au kufungua faili kwa VPN?

Kabla ya kulinganisha njia kubwa, hili limalizwe, kwa sababu ofisi nyingine hazitumii Remote Desktop kabisa. Programu imewekwa kwenye kompyuta ya tawi, na faili la data linafunguliwa kwa mbali kupitia VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti. Kwenye karatasi mipangilio hii miwili inafanana. Kwenye kazi inatofautiana sana.

Tuseme kufungua ankara moja kunahitaji kuligusa faili mara 2,000. Ndani ya ofisi, kwenye waya, kila mguso ukichukua nusu ya milisekunde, jumla ni sekunde 1. Kutoka tawini kupitia intaneti, kila mguso ukichukua milisekunde 30, jumla ni sekunde 60. Ankara ni ile ile, faili ni lile lile, na kuongeza kasi ya bando hakusaidii, kwa maana kinachokula muda ni safari za kwenda na kurudi, wala si ukubwa wa mzigo. Kwa Remote Desktop miguso yote 2,000 inaishia ndani ya seva, na kinachosafiri ni picha ya skrini tu. Zaidi ya kasi, faili linalofunguliwa kwa mbali laini ikikatika katikati ya kuandika linaweza kuharibika. Hapa sina mashaka hata kidogo: programu za kutegemea faili, mfano Tally au QuickBooks ya kompyuta, zisifunguliwe kwa VPN. Mwenye mpangilio huo aanze kwa kuubadili, kisha atazame kama bado anahitaji kitu kingine.

Kuitengeneza hapo ilipo, au kuihamishia kituo cha data?

Ukiitengeneza, unalipa mara moja: SSD, RAM, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), siku za fundi. Ukihamia kituo cha data unalipa kila mwezi, na mara nyingi bei imepangwa kwa dola. Lakini si gharama inayotofautisha njia hizi mbili. Zinatofautishwa na kinachotokea umeme au intaneti ikikatika.

Seva ikiwa Nyakato, intaneti ikipotea ofisi kuu inaendelea kuuza kwa waya wa ndani, matawi yanasimama. Umeme ukikatika Nyakato, wote wanasimama, hata Geita wenye umeme. Seva ikiwa kituo cha data, umeme wa Nyakato hauna tena nguvu juu ya Geita, ila intaneti ikipotea Nyakato, hata keshia aliyekuwa ameketi mita tano kutoka kwenye seva ya zamani hauzi. Mama mmoja mwenye duka la vipuri Igoma aliniuliza: "Sasa mwanangu, hapa nina watu tisa na tawini wawili. Nihamishe wote kwa ajili ya wale wawili?" Jibu lilikuwa hapana. Hesabu yake ndiyo ninayompa kila mtu: walio wengi wako jengo gani? Kama robo tatu ya ankara zinatoka chini ya paa moja, seva ikae chini ya paa hilo. Kama mauzo yamegawanyika matawini na ofisi kuu ni ya wahasibu tu, kituo cha data kinashinda waziwazi.

Kubaki hapo kuna masharti yake. UPS ibebe seva pamoja na swichi na ruta. Nimeona pengi seva ikiwaka vizuri na ruta imezimika, na watu wakasema seva imeganda. Radi za ziwa hili nazo ni kali, hasa miezi ya masika na vuli, na zinaingia hata kwa waya wa antena iliyo juu ya paa. Kinga ya umeme iwekwe pande zote mbili, kwenye waya wa umeme na wa mawasiliano. Na mlango wa 3389, ambao Remote Desktop hupitia, usiachwe wazi kwenye intaneti. Ukiachwa, mashine za wahalifu zinajaribu maneno ya siri usiku na mchana. Fungua kumbukumbu za usalama za Windows, ukikuta tukio namba 4625, la mtu kushindwa kuingia, limejaa kurasa kwa kurasa, sehemu ya uzito wa seva yako ni wageni hao, na wakifanikiwa wanafunga mafaili yote na kudai fedha. Matawi yaingie kwa VPN kwanza, halafu Remote Desktop.

Suala la leseni lisichanganywe na kuganda. Windows Server inaruhusu wasimamizi wawili tu kuingia kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo inataka leseni za Remote Desktop Services, na inatoa siku 120 za majaribio. Ndiyo maana seva nyingine "hufanya vizuri miezi minne" kisha hukataa watu. Wapo wanaotumia Windows ya kawaida iliyofanyiwa ujanja ili ipokee watu wengi; hiyo huvunjika Windows inapojisasisha, na bila shaka itavunjika siku ya kazi nyingi.

Ukiamua kuhama, chagua umbali kwa makini. Mwanza imeunganishwa na Dar es Salaam kwa nyaya za nchi kavu za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na safari ya kwenda na kurudi ni fupi kiasi kwamba keshia hahisi tofauti. Microsoft ilifungua vituo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020; huko kunafanyika kazi, ingawa anayechapa haraka ataanza kuhisi herufi zinachelewa. Ulaya safari hupita milisekunde 100, na kuandika ankara siku nzima hivyo kunachosha watu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Seva iliyoko ng'ambo ya bahari inategemea nyaya za namna hiyo kila dakika. Iliyoko Dar es Salaam ina njia ya kukufikia isiyogusa bahari.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Seva yenye mishahara ya wafanyakazi na majina ya wateja imo ndani ya masharti hayo. Anayekuuzia nafasi nje ya nchi aulizwe kuhusu hili kabla ya malipo ya kwanza.

Kubaki na programu ya zamani, au kuingia kwenye brauza?

Mfumo wa brauza unafuta sababu kadhaa za kuganda kwa mkupuo. Hakuna printa inayovutwa hadi kwenye seva, kwani uchapaji unafanyika tawini. Hakuna faili moja ambalo wote wanaling'ang'ania. Laini ikikatika unapoteza ukurasa uliokuwa unaujaza, basi. Na meneja aliye kwenye kivuko cha kwenda Nansio anaona mauzo kwenye simu yake.

Lakini angalia unachotoa. Unalipa kwa kichwa kila mwezi, maisha yote ya biashara. Wahasibu waliozoea kuandika kwa kibodi tupu bila mausi, kama wanavyofanya kwenye Tally, hupungua kasi. Bidhaa elfu kadhaa, madeni ya wateja na bei za kila tawi zinahitaji kuhamishwa na kuhakikiwa mstari kwa mstari. Risiti za kodi nazo: kama mashine ya EFD ya kutoa risiti imeungwa na programu ya sasa, au mnatumia VFD (EFD ya programu, isiyo na mashine), mfumo mpya uthibitishe unaunganika kabla hujasaini chochote. Hilo usikubali kuahidiwa kwa mdomo. Omba risiti halisi itoke mbele yako.

Jambo ambalo wauzaji wa mifumo hii hawalisemi sana ni kwamba brauza na kituo cha mbali si kitu kimoja. Odoo na ERPNext, mifumo ya biashara ya kufungua kwa brauza, kwa mfano, zina matoleo huria unayoweza kuyaweka kwenye seva yako mwenyewe Nyakato. Ofisi kuu inaendelea kuuza intaneti ikipotea, matawi yanaingia kwa brauza, na data iko kwako. Kwa biashara yenye fundi wa kudumu, mimi ningeangalia hapo kwanza. Isiyo na fundi isijaribu. Ilipe huduma kamili, ila iwe na uwezo wa kupakua kila kitu kwenda Excel wakati wowote bila kuomba ruhusa.

Na jaribio la ununuzi lisifanyike ofisini kwa muuzaji penye faiba. Peleka simu yenye bando la kawaida Nansio, saa za jioni watu wanapotumia mtandao kwa wingi, uandike ankara ya bidhaa ishirini. Ikipita hapo, itapita Geita na Sengerema.

Je, kila tawi lijitegemee?

Tawi ambalo laini yake inapotea mara kwa mara, na ambalo kusimamisha mauzo kwa saa mbili ni hasara kubwa, liwe na kompyuta yake na data yake, ipelekwe ofisi kuu jioni. TallyPrime ina uwezo wa kuoanisha data za matawi kwa namna hii. Utakachokosa ni kujua stoo ya leo kwa leo, na utaongeza kazi ya kusuluhisha namba zisipolingana. Umbali wa fundi pia uhesabiwe. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, fundi anafika Sengerema bila kungoja kivuko. Ukerewe, kisiwa chenye Nansio, bado anangoja, kwa hiyo mashine zinazoachwa huko ziwe chache na nyepesi kubadilishwa na mtu yeyote wa tawini.

Lini ufanye mabadiliko

Njia yoyote utakayoichukua, tarehe zina uzito. Kodi ya mishahara inatakiwa ifikapo tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20. Kazi ya kuhama ifanyike kuanzia tarehe 21 na iishe kabla mwisho wa mwezi haujaanza kubana. Kubadili diski na RAM ni kazi ya Jumapili moja, bakapu ikiwa imejaribiwa kurudishwa Jumamosi. Kuhamia kituo cha data kunataka wiki moja ya seva zote mbili kuwaka, matawi yakihamishwa moja baada ya jingine, la mwisho likiwa lenye mauzo makubwa. Mfumo mpya wa brauza uanze tarehe 1 Januari kama mwaka wako wa hesabu ni wa kalenda, ukiwa na salio anzia lililokaguliwa na mhasibu, na programu ya zamani iachwe ikifunguka kwa kusoma tu, kwa sababu mkaguzi atakuja kuuliza ankara za miaka iliyopita.